Risala ya Wakazi wa Siyu Juu ya Ufunguo Mmoja wa Huduma za Serikali

Kwa waheshimiwa mliokabidhiwa kazi ya kusimika mfumo wa utambulisho wa wananchi katika huduma za serikali za mtandaoni, Nairobi.

Nakala: Kamishna wa Ulinzi wa Data, Serikali ya Kaunti ya Lamu, wawakilishi wetu Bungeni.



Sisi wakazi wa Siyu, kisiwani Pate, wavuvi na wakulima, mafundi wa ngozi na wa mbao, walimu, wanafunzi na mama wa nyumba, tumekutana mara tatu juu ya jambo hili: mara mbili barazani na mara moja chini ya ukuta wa ngome. Risala hii ndiyo tuliyoafikiana. Twaileta kwa haki tuliyopewa na ibara ya 37 ya Katiba, inayomruhusu kila mtu kupeleka maombi yake kwa mamlaka ya umma. Twaileta kwa maandishi kwa kuwa tumeyasema kwa mdomo madirishani hata yametuchosha.

Neno letu ni moja. Mmejenga mlango mmoja wa kuingilia huduma zote, na mlango huo hatuupingi. Lakini ufunguo wake mmeufunga kwenye laini ya simu, na hapa kwetu hakuna kitu chepesi kupotea kama laini ya simu.

Kwa ajili ya wazee wetu watakaosomewa haya, twaeleza kwanza jambo lenyewe. Zamani kila ofisi ilikuwa na mlango wake mtandaoni: kodi kwake, ardhi kwake, pasi ya kusafiria kwake, mkopo wa mwanafunzi kwake. Kila mlango ukitaka nywila yake. Sasa ofisi hizo zinahamishiwa nyuma ya mlango mmoja. Ukienda kuomba cheti cha kuzaliwa, ofisi ya vyeti haikuulizi wewe ni nani. Yakurudisha kwa bawabu mmoja anayekaa kwenye kompyuta za mbali, hizo ziitwazo wingu. Bawabu akuuliza nywila, kisha atuma namba ya siri ya mara moja kwenye simu yako, nawe wairudisha kabla haijaisha muda. Akiridhika, aandika hati fupi iliyotiwa sahihi ya kompyuta: huyu ni fulani, nimemhakiki saa hii, hati hii yafa baada ya muda kadhaa. Ofisi ya vyeti yaisoma sahihi hiyo na kukufungulia. Bawabu hakumpa mtu nywila yako. Amempa neno lake la udhamini tu.

Ni ujenzi mzuri. Mlango huo, eCitizen, ulipoanza mwaka 2014 ulikuwa na huduma chache. Juni 2023 Rais alizindua huduma zaidi ya 5,000 mahali pamoja, na zimeongezeka tangu hapo. Mtu wa Siyu ndiye wa kwanza kufaidika na jambo kama hilo, kwa sababu ndiye anayelipa nauli ya boti kwenda Amu, mjini Lamu, kwa karatasi moja. Kwa miaka mingi, kupita mkondo wa Mkanda palisubiriwa maji yajae. Kijito chetu chenyewe, kipitacho mikokoni, maji yakipwa hubaki tope, na atakaye kusafiri hufuata njia ya Mtangawanda. Anayetuambia kwamba safari hiyo itakwisha kwa kubofya simu, twampokea kwa mikono miwili.

Safari lakini haikuisha. Imebadilika jina.

Mvuvi mmoja wa hapa aliangusha simu baharini. Laini yake ilikuwa imesajiliwa kwa kipande, yaani kitambulisho, cha mpwa wake, kwa sababu siku alipoinunua, miaka mingi nyuma, yeye mwenyewe hakuwa na kipande bado. Mpwa amehamia Mombasa. Kurudisha laini kwataka mwenye jina afike dukani kwa mwili wake. Kubadilisha namba kwenye akaunti ya serikali kwataka kwanza uthibitishe kwa namba ya siri, na namba ya siri yatumwa wapi? Kwenye ile laini iliyo chini ya bahari. Kitambulisho chake kipo mfukoni, kimenyooka, hakina doa. Uso wake ndio ule uliomo kwenye picha. Chifu amjua, imamu amjua, jirani zake wamjua yeye, baba yake na babu yake. Alikwenda ofisi moja mjini, akaambiwa apige simu. Akapiga simu kwa simu ya kuazima, akaambiwa aingie kwenye akaunti yake aombe msaada humo. Alizunguka hivyo hata msimu wa kaskazi ukaisha.

Kwa akina mama ni zaidi, na hapa twaomba mtusikilize kwa utulivu. Wanawake wengi wa Siyu akaunti zao zilifunguliwa na waume zao, au na ndugu wa kiume, kwa laini za hao. Ilifanywa kwa nia njema, aliyekuwa na simu ndiye aliyetumika. Kisha ndoa ikavunjika. Mwanamke kaachwa, ameshika talaka yake mkononi, lakini ufunguo wa jina lake umebaki mfukoni mwa aliyemwacha. Akitaka cheti cha kuzaliwa cha mtoto, akitaka kujiandikisha kwenye bima ya afya kwa jina lake, akitaka kuomba chochote kwa serikali yake, sharti ampigie yule mwanamume amsomee namba. Mwengine husoma, mwengine hukata simu. Na yule asiyependa kusoma aweza kuingia mwenyewe na kuona kila aliloomba. Sheria ya dini imemtoa mikononi mwake. Mfumo wa serikali umemrudisha. Katika mikutano yetu yote mitatu hili ndilo lililofanya watu wanyamaze.

Wapo pia vijana wetu walio Saudia, Qatar na Omani. Kule huombwa cheti cha mwenendo mwema kipya, au pasi yakaribia kuisha. Namba ya siri yaja kwenye laini ya Kenya iliyolala sandukuni kwa mama. Mama apanda darini kutafuta mtandao, aisoma kwa sauti ya WhatsApp, na kabla kijana hajamaliza kuandika muda umekwisha. Na laini isiyotumika muda mrefu hufungwa, kisha namba ile ile huuzwa kwa mtu mwingine. Ufunguo wa raia umeuzwa sokoni na yeye hana habari.

Tunaambiwa basi twende saiba, duka la kompyuta, tusaidiwe. Twenda. Kijana wa saiba ni mtoto wetu, hatumlaumu. Afanya kazi ya serikali bila mshahara wa serikali. Lakini tazameni meza yake: pana daftari, na ndani yake majina, namba za vipande na nywila za watu, kwa sababu wateja husahau na yeye hataki kuwarudisha mikono mitupu. Palipokuwa na milango mingi, nywila iliyoandikwa daftarini ilifungua mlango mmoja. Sasa, ikipata na namba ya siri, yafungua yote: kodi, ardhi, afya, elimu. Mkikusanya milango mahali pamoja mwakusanya hatari pia, na linaloubeba mzigo huo kwa sasa ni daftari la shilingi hamsini.

La majina tutalipitia upesi, ingawa si dogo. Karani mmoja aliandika Athman, mwengine Uthman, wa tatu Othman. Mtu ni yule yule. Mfumo wa mlango mmoja hulinganisha herufi kwa herufi, na ofisi mbili zikihitilafiana mtu hukwama katikati akaambiwa yeye siye yeye.

Hatusemi haya kwa kuogopa kompyuta. Wenye kuijua kazi hii wamekwisha kuyaona. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, katika mwongozo wake wa mwaka 2017 iliiweka namba ya siri inayopita kwenye mtandao wa simu katika kundi la njia zenye masharti, na ikataka kila anayeitumia apewe na njia nyingine isiyo na udhaifu ule. Laini huibwa, laini hubadilishwa kwa hila dukani, laini hufa. Na tangu mwaka 2011 upo utaratibu uliochapishwa wazi kwa dunia nzima, wa programu ya simu inayotoa namba mpya kila baada ya sekunde 30 bila laini wala bando. Siku ya kwanza simu na seva huwekeana siri moja. Kuanzia hapo kila upande hukokotoa kwa saa yake na jibu huwa moja. Mwanafunzi aliye juu ya mashua katikati ya Pate na Amu, pasipo mtandao hata kidogo, simu yake yaendelea kumtolea namba, na akifika kwenye kompyuta anayo ya wakati huo. Dawa ipo kabatini, na sisi twauliza kwa nini mgonjwa hapewi.

Tena mmejionea wenyewe mlango mmoja ukifungwa. Mwishoni mwa Julai 2023 eCitizen ilishambuliwa kwa mafuriko ya maombi ya bandia, na huduma zikasimama nchi nzima. Waziri alikiri hadharani, na mwaka uliofuata Marekani iliwafungulia mashtaka ndugu wawili raia wa Sudan kuhusiana na kundi lililojigamba kwa kazi hiyo. Wageni waliokuwa njiani waliahidiwa viza watakapotua uwanja wa ndege. Tulifurahi kwa ajili yao. Lakini twauliza: raia ambaye siku ile alihitaji karatasi yake, uwanja wake wa kutua ni upi? Kwa mgeni serikali ilikumbuka kwamba karatasi na muhuri bado vipo duniani.

Twakumbusha pia njia tuliyokwisha kuipita kama nchi, ili isirudiwe. Wazee wetu bado hukiita kitambulisho kipande, na jina hilo lilianza na sheria ya kikoloni ya mwaka 1915, iliyomlazimisha mwanamume Mwafrika kubeba karatasi yake ndani ya kikebe shingoni. Mwaka 2019 tulipanga foleni kwa ajili ya Huduma Namba, namba moja ya utambulisho kwa huduma zote. Januari 2020 Mahakama Kuu ikasema mfumo ule usisonge mbele mpaka iwepo sheria kamili ya kuulinda, ikakataza kukusanywa kwa vinasaba vya watu na alama za mahali wanapoishi. Oktoba 2021 ikasema tena kwamba kutolewa kwa kadi zile hakukuwa halali, kwa kuwa tathmini ya athari kwa data za watu, inayotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, haikufanywa. Ikaja Maisha Namba badala yake, nayo ikapingwa mahakamani. Wazazi walipoamriwa kulipa karo ya shule kupitia mlango huu huu, Aprili 2025 mahakama ikalitengua agizo hilo, na sababu mojawapo ni kwamba wananchi hawakuulizwa. Mara zote hizo kosa lilikuwa la namna moja: nyumba ilijengwa kwanza, wenyeji wakaitwa baadaye kuonyeshwa. Sisi tuishio karibu na mpaka tumebeba zaidi ya wengine, maana kwa miaka mingi kupata kipande kulikuwa na msasa wa ziada, hata Rais alipotangaza Februari 2025 kuuondoa kwa kaunti za mpakani. Mtu aliyekipata kipande kwa taabu ile hastahili kukipoteza tena kwa sababu ya laini.

Mafundi wetu wa Siyu wajua milango. Kabla fundi hajachonga, huuliza nyumba ina watu gani, nani atapita wapi, mgonjwa atatolewa vipi, jeneza litapita kwa upande gani. Nakshi huja mwisho. Twaomba na nyinyi muulize hivyo, na majibu yetu ni haya.

La kwanza kabisa, na tukipewa hili peke yake tutashukuru: pawe na njia ya kuurudisha ufunguo kwa mwili wa mtu na kipande chake, bila laini ya zamani, na njia hiyo ipatikane hapa kisiwani. Afisa aliyeapishwa aje Siyu na Faza kwa siku zinazojulikana, na ratiba ifuate maji, ibandikwe mwezi mmoja kabla. Alinganishe kidole na uso na kumbukumbu za serikali, na pale mashine inapokataa, kama inavyovikataa vidole vya wavuvi na wasusi wa makuti vilivyosagika, apokee ushahidi wa chifu na watu wawili wanaojulikana. Namba mpya iwekwe siku hiyo hiyo. Ili hila isipenye, taarifa ya mabadiliko itumwe kwenye namba ya zamani na pawe na muda wa kupinga. Lakini mwanamke aliyesema kwamba namba ya zamani ni ya mume aliyemwacha asifanywe kungoja ruhusa ya mume huyo, wala pasitajwe alipo.

Kila raia apewe pia karatasi ya namba za akiba, kumi hivi, kila moja ya kutumika mara moja, azihifadhi pamoja na hati zake. Siyu ni mji ulionakili misahafu kwa mkono kwa vizazi. Karatasi twajua kuitunza. Programu ya namba za sekunde 30 iwe chaguo linaloonyeshwa wazi tangu siku ya kwanza, lisizikwe chini ya kurasa tano. Mwenye kabambe, simu ndogo ya vitufe, naye asisahauliwe: bima ya afya ilipobadilishwa Oktoba 2024, kujiandikisha kuliwezekana kwa *147# kwenye simu yoyote ile, basi twajua kwamba mkitaka mwaweza.

Kwa saiba twataka uwakala wa halali. Kijana aingie kwa jina lake mwenyewe, mteja aidhinishe kazi moja iliyotajwa, ruhusa ife kazi ikiisha, na kila alilofanya lisomeke na mteja baadaye. Hapo daftari litakosa kazi nalo litatupwa.

Majina yalinganishwe na mtu mwenye akili pale herufi zinapopishana, na kusahihishwa mara moja kuenee ofisi zote. Kila ofisi iliyo nyuma ya mlango ipewe yale tu inayoyahitaji. Ofisi ya leseni ya chombo cha bahari haina haja ya kujua nani mgonjwa. Muda wa kurudisha namba ya siri uongezwe panapokuwa na mtandao dhaifu. Na kila ujumbe wa makosa uandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, kwa sababu ibara ya 7 ya Katiba imekifanya lugha ya taifa na lugha rasmi, na mama asiyejua kwa nini amefungiwa hawezi hata kulalamika.

Juu ya hayo twauliza maswali manne, na twataka majibu ya maandishi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, inayowapa siku 21. Wingu hili liko wapi? Kanuni za ulinzi wa data za mwaka 2021 zataka data za namna hii zishughulikiwe kwa seva zilizo Kenya, au walau nakala moja hai ikae nchini. Ni kampuni zipi zinazozishika, na mkataba wasemaje siku watakapoondoka? Tathmini ya athari imefanywa kwa mlango huu wote, na yasomeka wapi? Na mlango ukianguka tena kama Julai 2023, ni ofisi gani Lamu iliyoandaliwa kuhudumia kwa karatasi, kwa muda gani, na kwa mamlaka ya nani?

Mpaka hayo yafanyike, twaomba kwa msisitizo kwamba asirudishwe mtu yeyote hospitalini, shuleni au ofisini kwa sababu tu hana namba ya siri iliyotumwa kwa simu, ilhali ameshika kitambulisho chake mkononi.

Tuko tayari kukaa nanyi. Njooni Siyu, mje wakati wa bamvua ili boti ifike karibu, tutawaonyesha daftari la saiba na tutawakutanisha na akina mama wenyewe, watakaosema yao bila mwanamume kusimama kando. Kama hamwezi kuja, leteni majibu kwa chifu, kwa Kiswahili. Yatasomwa uwanjani mbele ya ngome baada ya sala ya Ijumaa, na nakala itabandikwa hapo hapo, tarehe ya kupokelewa ikiwa imeandikwa juu.

Ni sisi, wakazi wa Siyu.